Riwaya na tawasifu za Kiswahili: ni kipi kilichokusimulia zaidi?

Mtunza Kadi

Ndugu wasomaji, salamu. Kikundi chetu cha usomaji, ambacho hukutana maktabani mwishoni mwa kila mwezi, kiliamua msimu huu kusoma vitabu viwili viwili vya mwandishi mmoja: kimoja riwaya, cha pili simulizi ya maisha yake mwenyewe. Tulianza na Adam Shafi, na mjadala ulikuwa bado unaendelea wakati mhudumu alipoanza kufunga madirisha. Ninauleta hapa ili na walio mbali nasi wauchangie.

Vitabu vyenyewe ni Haini, riwaya iliyotoka mwaka 2003, na Mbali na Nyumbani, tawasifu iliyotoka mwaka 2013. Wengi wetu tunajua kwamba mwandishi huyu ni miongoni mwa waliotiwa kizuizini Zanzibar baada ya Rais Abeid Amani Karume kuuawa tarehe 7 Aprili 1972, na kwa hiyo msomaji anayekifungua kitabu cha maisha yake hutarajia kukutana na gereza. Badala yake anakutana na kijana. Mbali na Nyumbani ni safari ya ujana ya mtu anayeondoka visiwani na kuelekea kaskazini kwa kupitia nchi moja baada ya nyingine, mfukoni hana kitu, kichwani ana ndoto ya kufika Ulaya, na katika kila mji anategemea ukarimu wa watu asiowajua. Ni kitabu chepesi kwa maana nzuri ya neno hilo, na kuna mahali kinachekesha. Gereza limo katika Haini, ambamo aliyekamatwa anaitwa Hamza, na humo hakuna kicheko.

Niliwauliza wenzangu kwa nini mtu aliyeishi jambo zito kiasi kile alitunge kama kisa cha mtu mwingine, ilhali jambo jepesi zaidi alilisimulia kwa nafsi yake. Jibu la haraka lilikuwa woga. Mimi jibu hilo halinitoshi, kwa sababu mtu mwoga asingeandika Haini hata kidogo, na hakuna msomaji wa Zanzibar ambaye hakuitambua nchi inayozungumziwa. Naona sababu ipo katika ufundi wenyewe. Mfungwa anayesimulia kwa nafsi ya kwanza hawezi kusema zaidi ya yale aliyoyaona mwenyewe na kuyasikia kupitia ukutani, lakini mtunzi wa riwaya anaweza kuuvuka ukuta huo, akaingia katika nyumba ya aliyekamatwa na katika chumba cha wanaomhoji, akamwonyesha mtesaji akiwa mtu mwenye hofu zake. Tena mtu anayesema "mimi niliteswa" anamweka msomaji katika hali ya kumwonea huruma, na baada ya kurasa chache huruma hiyo humfanya msomaji aache kufikiri. Hamza hatuombi chochote.

Hali ni hiyo hiyo kwa Shaaban Robert. Maisha Yangu ni kitabu cha mume, baba na mtumishi wa serikali, chenye ndoa, msiba, uhamisho wa kikazi na nasaha kwa watoto, lakini ukitafuta humo hasira ya Mwafrika aliyetawaliwa utaipata kwa tabu. Ukitaka hasira yenyewe, ifuate katika Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, ambamo Karama anashitakiwa kwa kosa la kutaka kueneza elimu ya sheria, naye anajitetea siku baada ya siku kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande zote kutafuta mema ya kuileta nchi yao, wakarudi na kutupwa gerezani. Nchi ya Kusadikika inaelea angani, haipo katika ramani yoyote, na kwa hiyo hapakuwa na mkuu wa wilaya wa kumwita mwandishi ofisini kumuuliza ana maana gani.

Hoja yangu, ambayo wenzangu kadhaa waliipinga vikali, ni kwamba katika fasihi yetu mambo mazito ya maisha ya mwandishi yamehifadhiwa katika riwaya, na tawasifu imeachiwa yale yanayoweza kusemwa mbele ya wageni. Nawaombeni mnipinge au mniunge mkono, lakini kwa vitabu mlivyovisoma.

Mwanatanga

Ndugu Mtunza Kadi, nimekusoma kwa makini na sikubaliani nawe kuhusu mzee wetu. Unasema Maisha Yangu haina hasira, nawe unaipima kwa hasira ya aina moja tu, ile inayoelekezwa kwa mtawala. Rudi katika sehemu inayohusu kifo cha mkewe, Amina. Mwandishi anasimulia kwa nathari mpaka nathari inamshinda, kisha anahamia katika shairi, na beti zile ndizo zilizokifanya kitabu kile kikumbukwe hata na watu ambao hawakuwahi kukisoma chote. Je, kuna riwaya yake ambayo imefungua moyo wa mwanamume mfiwa namna ile? Adili na Nduguze haijafanya hivyo, na Utubora Mkulima imekaribia tu.

Pia umezipita haraka tenzi mbili alizowaandikia wanawe, Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mtoto wa kiume. Wasomaji wengi huzichukua kama orodha ya maadili, wakazisoma kwa miayo. Mimi nimezisoma kama sehemu ya tawasifu, kwa kuwa ndipo zilipowekwa, na nikaona kwamba baba anayemwusia bintiye kwa urefu ule, akimkumbusha mambo ya nyumba, ya mume, ya ulimi na ya Mungu, anatuambia ni dunia gani anayoiogopa kwa ajili yake. Mama wa nyumba hayupo tena. Yale maneno ambayo mama angeyasema jikoni kidogo kidogo, mzee anayasema yote kwa mkupuo mmoja kwa sababu hana njia nyingine. Ukisoma hivyo, kurasa zile zinauma.

Kuhusu ukoloni, tukumbuke kwamba alianza kazi ya forodha mwaka 1926 na akabaki katika utumishi wa serikali kwa karibu maisha yake yote ya kazi. Kimya cha mtu anayelipwa mshahara na serikali anayoiandika si kimya cha mtu asiye na la kusema. Hapo tu ndipo nakubaliana nawe kwamba Kusadikika ilibeba mzigo ambao Maisha Yangu isingeweza kuubeba.

Kijana wa Upanga

Wakubwa zangu, shikamooni. Naomba kuweka neno moja fupi. Tukisoma Haini ili tupate ushahidi, tunamdhulumu mtunzi, maana mahakamani kila jambo lazima lithibitishwe, na riwaya haina wajibu huo. Mimi nilianza kupenda vitabu vya Kiswahili kwa Muhammed Said Abdulla, kwa Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, na sikuwahi kujiuliza kama mpelelezi Bwana Msa na kiko chake ni maisha ya mwandishi. Nilitaka kujua nani amemuua Bwana Ali. Nafikiri msomaji anayetafuta mtunzi nyuma ya kila mhusika hujikosesha nusu ya raha.

Mtunza Kadi

Marahaba, kijana. Raha siipingi, na mimi pia nimekesha na Bwana Msa. Lakini Adam Shafi hakuandika kisa cha kutegua kitendawili. Mtu anapoandika juu ya kizuizi baada ya kukipitia, swali la kile alichokiona na kile alichokitunga linakuja lenyewe, hata tusipoliita.

Bint Ng'ambo

Assalamu alaikum. Nimefuatilia kwa utulivu na nimeona kwamba mpaka sasa waliotajwa ni wanaume, wanaoandika juu ya maisha ya wanaume. Nataka niugeuze mjadala kidogo, ingawa nabaki na mwandishi yule yule mliyeanza naye.

Katika Vuta N'kuvute, Yasmin ana miaka kumi na mitano anapoozwa kwa Bwana Raza mwenye miaka hamsini na miwili, mfanyabiashara mwenye duka lake Mtendeni. Anachukuliwa mpaka Mombasa, anatoroka, anarudi Unguja, na ndugu zake wanamfungia mlango kwa sababu amewaaibisha. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa mtaa wa Ng'ambo, mwenye chumba kimoja na moyo mkubwa. Mimi nimekulia Ng'ambo hiyo hiyo, na kila nikisoma sura zile hujiuliza Yasmin angeandika nini kama angeachiwa kalamu. Denge na siasa zake za kupinga Waingereza vinasisimua, tena filamu iliyotengenezwa na Amil Shivji mwaka 2021 imewaleta wasomaji wapya katika kitabu hiki, lakini kwangu riwaya imo katika chumba cha Mwajuma, pale wanawake wawili wa asili mbalimbali wanapogawana kitanda, chakula na nguo za kutokea.

Sasa, wanawake wa kwetu walioandika maisha yao wenyewe ni wangapi? Wa kwanza anayenijia ni Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Anasimulia kwamba alijifundisha kuandika kwa siri, kwa kunakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa sababu wasichana walifundishwa kusoma tu. Kalamu hiyo ndiyo iliyomtia matatani mwaka 1859, alipokuwa akiwaandikia barua wale waliokuwa upande wa Barghash dhidi ya ndugu yao Majid. Kitabu chake kilitoka mwaka 1886, kwa Kijerumani, wakati huo akiitwa Emily Ruete na akiwa mjane mwenye watoto watatu katika nchi ya baridi. Kurasa za Bet il Mtoni, kasri alimozaliwa, ni hazina: mabafu, watoto wasiohesabika, masuria wa kila taifa, kila mmoja na vyakula na lugha yake. Lakini anapofika katika habari za watumwa, anautetea utumwa wa nyumbani kwao na kuwaambia Wazungu kwamba hawakuuelewa. Hapo binti wa mfalme anazungumza kwa niaba ya watu ambao hakuwauliza. Ndugu Mtunza Kadi, hapo tawasifu haikunyamaza hata kidogo. Ilisema, na kilichosemwa kikamfunua msemaji kuliko alivyokusudia.

Wa pili ni Siti binti Saad, ambaye maisha yake tunayajua kwa kalamu ya Shaaban Robert. Wasifu ule naupenda, hasa pale msichana wa Fumba anapozunguka na vyungu vya kuuza huku sauti yake ikimtangulia, lakini ni heshima ya mwanamume kwa mwanamke, na heshima ina mipaka yake. Mambo ambayo Siti angeyasema kwa shoga yake hayamo. Wa tatu ni Bibi Titi Mohamed, ambaye alizungumza, akarekodiwa, na masimulizi yake yakaingia katika kitabu cha Susan Geiger kuhusu wanawake wa TANU, kilichotoka mwaka 1997. Alizungumza Kiswahili, nasi tunamsoma kwa Kiingereza. Jambo hilo linanikera kila nikipita mbele ya rafu ile.

Mwanatanga

Bi Bint Ng'ambo, waalaikumu salaam. Kuhusu mipaka ya heshima katika wasifu wa Siti nakuunga mkono, ingawa nakuomba ukumbuke kwamba Shaaban Robert aliandika juu ya mwimbaji wa taarabu, mwanamke aliyekuwa akitungiwa mashairi ya kumdhihaki kwa umaskini na sura yake, wakati ambapo wasifu ulikuwa haki ya masultani na maaskofu. Kumchagua yeye tu kulikuwa ni msimamo.

Mtunza Kadi

Bi Bint Ng'ambo ameileta hoja ya watumwa, nami nimeshukuru, kwa sababu kikao chetu cha pili kilihusu jambo hilo hilo na ndicho kilichonipa tabu zaidi.

Tulisoma Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Ni tawasifu ya mapema kabisa katika Kiswahili: aliiandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu kwa kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode, naye Brode akaichapisha Berlin mwanzoni mwa karne iliyopita, kabla mwenyewe hajafa mwaka 1905. Anayependa Kiswahili kilichokazwa, kisicho na pambo hata moja, akisome. Sentensi zake ni fupi: tukaondoka, tukafika, wakatupiga, tukawapiga, tukapata pembe. Anakumbuka frasila za pembe kwa hesabu na madeni yake kwa majina ya waliomdai. Mahali pamoja wapagazi wake wanatoroka, naye anaingia Uzaramo, anakamata watu mia nane kwa siku tano, anawafunga wote pamoja na kuendelea na safari. Anaongeza kwamba wenyeji walimwita Kingugwa Chui, kwa kuwa chui hurukia huku na huku bila kuchagua. Basi. Aya inayofuata ni mzigo na njia.

Niliisoma aya hiyo mara kadhaa nikitafuta dalili ya aibu au ya majivuno, nikakuta hesabu tu. Mmoja wa wenzetu, mzee mwenye asili ya Uzaramo, alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama katika watu mia nane wale kuna hata mmoja ambaye jina lake limetajwa. Hakuna.

Ndipo tukaifungua Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kutafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobeli. Yusuf ni mtoto aliyetolewa na baba yake kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni, na anaingia bara na msafara wa tajiri huyo. Wahakiki wameonyesha kwamba Gurnah alizisoma simulizi za misafara za Waswahili, zikiwemo zile alizozikusanya Carl Velten na kuzichapa mwaka 1901 kwa jina la Safari za Wasuaheli, na msomaji aliyetoka kwa Tippu Tip anaitambua njia: kodi za machifu, homa, mahongo, mto, usiku wenye fisi. Tofauti ni kimo cha macho. Tippu Tip anautazama msafara akiwa mwenye mali, na Yusuf anautazama akiwa yeye mwenyewe ni sehemu ya mali.

Tuliongeza Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, ya mwaka 1934, inayosimulia habari za waliokombolewa na kuwekwa Freretown, karibu na Mombasa, miongoni mwao baba yake mwandishi. Kitabu hicho kina kasoro yake, maana kinawasifu Waingereza mpaka msomaji wa leo anageuza uso, na Waarabu wote kinawapaka rangi moja. Hata hivyo, pale kinaposimulia usiku wa kuvamiwa kijiji na jahazi lililojaa watu, kinasema kitu ambacho Tippu Tip alikuwapo nacho na hakukiandika. Mbotela alikipata kwa waliokipitia. Kwa hiyo, Bi Bint Ng'ambo, ninaipunguza makali hoja yangu ya kwanza kwa kiasi hiki: tawasifu ya mwenye nguvu husema sana, lakini yule aliyefungwa kwenye mnyororo tumempata kwa mtoto wake, au kwa mtunzi.

Mkutubi Mstaafu

Nimefanya kazi ya kupanga vitabu kwa muda mrefu na nina jambo la kuongeza kuhusu rafu zenyewe. Katika mpango wa Dewey, fasihi ya Kiswahili huwekwa kwenye 896.392, na vitabu vya maisha ya watu kwenye 920. Maisha Yangu nimeiona ikiwekwa huku na nimeiona ikiwekwa kule, kutegemea ni nani aliyekuwa zamu siku kitabu kilipopokelewa. Uhuru wa Watumwa nimeikuta hata kwenye historia. Msomaji anayekuja kutafuta riwaya hawezi kukutana na kitabu kilichowekwa kwenye 920, na kinyume chake pia ni kweli. Mnaweza kuwa mnajadili tofauti ya aina mbili za uandishi, na sehemu ya tofauti hiyo ikawa imetengenezwa na sisi wapangaji wa vitabu.

Mwalimu wa Kitale

Salamu kutoka Kenya. Nafundisha Kiswahili katika shule ya upili, na kwetu huku huwezi kuongea juu ya riwaya bila kuongea juu ya mtihani.

Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora ilipokuwa kitabu cha lazima, wanafunzi wangu waliweza kutaja sifa sita za Mtemi Nasaba Bora wakiwa usingizini. Walichoshindwa kukiona, mpaka nilipoacha kuwauliza maswali ya mtihani, ni kwamba ndani ya riwaya ile kuna kisa cha mwandishi aliyeibiwa: Amani ana mswada wake, na mtu mzima anayeheshimika, Mwalimu Majisifu, anauchapisha kwa jina lake mwenyewe. Nilipowaambia wasahau maudhui na mbinu na wanieleze tu wangejisikiaje insha zao zikisomwa redioni kwa jina la mwingine, darasa lilichangamka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona tangu tuanze kitabu.

Kuhusu hoja ya uzi huu, Walibora ni mfano mzuri kuliko hata Adam Shafi. Katika Siku Njema, ya mwaka 1996, kijana Kongowea Mswahili anampoteza mama yake, mwimbaji wa Tanga, kisha anaondoka kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Watu wengi huku waliamini kwamba ni maisha ya mwandishi mwenyewe, kwa jinsi Kiswahili cha Kongowea kilivyo cha mwambao na jinsi anavyosimulia kwa nafsi ya kwanza. Walibora hakuwa mtu wa Tanga. Alizaliwa magharibi mwa Kenya na kukulia Cherangani, jirani yangu hapa. Baadaye akaandika tawasifu, na akaipa jina la Nasikia Sauti ya Mama. Linganisheni majina tu: riwaya ni mguu unaomfuata baba, tawasifu ni sikio linalomtega mama. Nilipoisoma tawasifu ile ndipo nilipoelewa kwa nini mama wa Kongowea ni mwimbaji, na kwa nini sauti yake inaendelea kusikika kitabuni muda mrefu baada ya kufa. Kwa hiyo kwa Walibora vitabu viwili havikugawana mazito na mepesi kama anavyodai Ndugu Mtunza Kadi. Vyote viwili vimebeba mzigo mmoja, kila kimoja upande wake.

Alifariki Nairobi mwezi Aprili 2020, na bado nikiwa darasani hujikuta nikimzungumzia kana kwamba kesho atakuja kututembelea.

Kijana wa Upanga

Mwalimu, hapo kwenye mama mwimbaji umenigusa. Nitaiazima tawasifu hiyo, ingawa nahifadhi haki yangu ya kuisoma Siku Njema bila kuichungulia.

Mkerewe Ughaibuni

Jamani, kisiwa chetu mmekisahau. Ukerewe imetoa riwaya mbili ambazo zingefaa kusomwa pamoja na watu wa kikundi hicho, na zote mbili zinaigusa hoja yenu kwa pembeni.

Ya kwanza ni ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, ikakosa mchapaji kwa miongo mitatu na zaidi, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980. Yeye alifariki mwaka 1981. Watu humwita mwanariwaya, na kweli kuna kisa: mke asiyezaa anachukuliwa na wazazi wake kwa sababu ya maneno ya mawifi, na mume anakwenda ukweni kumrudisha, akatozwa pombe ya ndizi. Lakini mtu wa kwetu akikisoma anajua kwamba kisa ni kamba tu ya kufungia mzigo. Kitereza anaeleza namna ndizi zinavyoivishwa, zinavyokamuliwa kwa nyasi na kuchanganywa na mtama, nani ananywa kwanza na nani anakaa wapi, kwa subira ambayo imewachosha wasomaji wengi wa mjini. Mimi haikunichosha. Bibi yangu alikuwa akifanya mambo yale yale, na sikuwahi kumuuliza.

Ya pili ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ambayo kwa muda ilizuiwa kusomwa shuleni. Kezilahabi alizaliwa Namagondo, na Rosa naye anatoka Namagondo. Baba yake Rosa, Zakaria, ni mlevi na mkali, na adhabu anayompa bintiye kwa sababu ya barua moja ya mvulana inamwandama msichana huyo mpaka mwisho wake mbaya. Hakuna mtu wa kijiji kile ambaye angeweza kuandika maneno hayo kama habari za jirani yake akaendelea kwenda naye kanisani. Katika hili nasimama na Ndugu Mtunza Kadi bila kusita: kijijini kila mtu anamjua kila mtu, na jina la kubuni ndilo linalokuwezesha kusema.

Bint Ng'ambo

Ndugu Mkerewe, umesema kweli kuhusu jina la kubuni, lakini ninyi nyote bado mmenikwepa. Nilipouliza tawasifu za wanawake mkanijibu kwa Rosa na kwa mama wa Kongowea, ambao wote wameumbwa na wanaume, tena wote wawili wanakufa. Nakubali kwamba Kezilahabi alimwonea huruma Rosa kwa dhati. Ningependa pia kumsikia Rosa aliyeishi mpaka uzee, akasimulia kwa kinywa chake na kwa Kiswahili chake jinsi alivyomsamehe au kutomsamehe baba yake.

Mtunza Kadi

Bi Bint Ng'ambo, sijakukwepa, ila sina kitabu cha kukupa jibu, na nisingependa kukujaza maneno. Nimeandika katika daftari la mapendekezo la maktaba yetu kwamba zitafutwe tawasifu za wanawake zilizoandikwa moja kwa moja kwa Kiswahili. Mwenye kuzijua aziweke hapa kwa jina la kitabu na mchapishaji, nami nitaongeza kwenye orodha kabla haijapelekwa kwa mkutubi.

Kikao kijacho tutasoma Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, ya hayati Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi, iliyozinduliwa tarehe 8 Mei 2021. Nimeichagua kwa makusudi, kwa kuwa ni tawasifu ya kiongozi mkubwa iliyoandikwa kwa Kiswahili, na kwa kuwa mwenyewe alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani katika miaka ya 1970 kufuatia vifo vya watuhumiwa waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga. Kila mshiriki asome sehemu hiyo kwanza, kisha aisome Haini, hata kama aliwahi kuisoma. Nakala ya maktaba iko kwa msomaji mwingine kwa sasa, kwa hiyo anayeweza kuja na ya kwake aje nayo.